Mlango wa Kushoto, Ghorofa ya Tatu

Asubuhi, kabla ya kutoka, kijana mmisionari alifua soksi kwenye sinki la kunawia uso, akazianika kwenye kiti, akavaa zile za jana ambazo hazijakauka vizuri. Mwenzake, aliyemzidi umri kidogo na kanuni kwa mbali, alikuwa ameshafunga tai na anamsubiri. Kanuni zilisema watembee wawili wawili, wasiingie nyumba ya mtu bila kukaribishwa, na simu ya nyumbani iwe Jumatatu tu. Kwa hiyo walishinda pamoja kutwa, na hawakuwa na la kuambiana.

Jengo la siku ile lilikuwa na lifti mbovu. Kijana alikuwa amejifunza mengi ugenini: kwamba anayechungulia kwenye tundu la mlango husikika akipumua, na kwamba "njooni siku nyingine" ya watu wa pale haina siku. Ghorofa ya kwanza hawakufunguliwa. Ya pili, mwanamume mmoja alifungua, akawaangalia viatu, akafunga.

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, alifungua dada yake.

Nyuma ya dada ilikuwa sebule ya kwao, ng'ambo ya bahari, na pazia lile lile la kijani lenye kiraka. Kitanda cha baba kilikuwa kimehamishiwa dirishani. Baba alikuwa amelala humo, amekonda, amegeukia ukutani.

"Mbona umekuja?" dada aliuliza kwa sauti ya chini. "Tulikubaliana usijue."

"Nilikuwa nagonga tu. Anaumwa nini?"

"Muulize mama. Mimi nimekatazwa."

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono. Alimtazama mwanawe kuanzia tai hadi viatu.

"Umepungua," alisema. "Huli?"

"Nakula. Mama, nikaribishe niingie."

"Ukivuka hapo umerudi. Kanisa zima lilikusindikiza, mwanangu. Nikawaambie nini? Kwamba kazi ya Mungu imekushinda?"

Mwenzake alikohoa. "Bila kukaribishwa hatuingii," alikumbusha.

"Nani huyo?" baba aliuliza, bila kugeuka.

"Wahubiri tu," mama alisema.

"Waambie sisi tunaye wetu. Tumeshamtoa."

Kijana angeweza kumwita. Mama aliweka kidole mdomoni, naye, aliyelelewa kutii, akatii. Dada alifunga mlango taratibu, usije ukamshtua mgonjwa. Mwenzake alisema hiyo ihesabiwe kuwa hawakupokelewa, wakapanda ghorofa ya nne.

Msimamizi wa misheni, mtu mwenye sauti ya upole na meza kubwa, alimsikiliza kijana hadi mwisho. Alichotaka kujua ni kama jengo hilo liko ndani ya eneo lao. Aliambiwa liko.

"Ruhusa ya kurudi nyumbani naitoa familia ikinipigia," alisema. "Ya mlangoni siwezi kuyafanyia kazi. Leo kafungua dada, kesho atafungua shangazi wa mwingine. Nitabaki na nani hapa?"

Jumatatu kijana alipiga simu nyumbani.

"Mama, mpigie msimamizi. Mwambie baba anaumwa."

"Nani kakwambia anaumwa? Baba yako hajambo. Ametoka kidogo."

Kwenye simu kilisikika kikohozi alichokijua tangu utotoni.

"Nilimwona, mama."

"Na mimi nilikuona. Kula vizuri."

Alikaa siku chache akijitia moyo, kisha akapanda tena hadi ghorofa ya tatu. Safari hii alikusudia kuita kwa sauti, mama apende asipende. Mwenzake alimfuata ngazi zote akinung'unika kwamba mlango uliokataa haugongwi tena upesi hivyo.

Dada alifungua. Kitanda hakikuwapo. Viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa kuizunguka sebule, na watu wa mwisho walikuwa wanaaga.

"Tumemzika asubuhi," dada alisema. "Usimwambie mama kama umejua."

"Aliniulizia?"

"Kila siku. Mama alimwambia una kazi nyingi huko." Dada aligeuka akatazama ndani, kisha akamtazama yeye. "Akasema basi, tusikusumbue."

Kijana hakuomba tena kukaribishwa. Walisimama hivyo, mmoja huku na mmoja kule, mpaka mama alipomwita dada akaoshe vyombo.

Jumatatu iliyofuata mama alisema baba anamsalimia sana. Kijana akamwambia naye amsalimie.

Jengo lililofuata lilikuwa na lifti nzima. Juu kabisa, bibi mmoja aliwafungulia, akasema karibuni ndani, akawasogezea viti. Alimuuliza kijana kama wazazi wake wapo huko atokako. Kijana alijibu kwa lugha ya pale kwamba wapo, wote wawili, na hawajambo. Kisha akaanza somo la kwanza.

Wakati wa kushuka, mwenzake alimsifu. Alisema sasa anaongea lugha ya watu vizuri kabisa, hababaiki.