Mwano wa Sapiwi

Mihayo alikulia Bariadi mjini, akafundishwa karate mpaka mwalimu wake akaishiwa cha kumfundisha. Sapiwi kwa bibi yake alikuja kutembea tu. Ng'ombe wote kwake walifanana, na mwano hakuujua: lile yowe la kutangaza kwamba ng'ombe wameibwa, ambalo kila mwanaume akilisikia hushika fimbo na kuwafukuza wezi.

Jioni hiyo alisikia yowe, kisha akaona kijana akikurupuka kwenye shamba la pamba, akiswaga ng'ombe wawili, na kundi la wanaume nyuma yake.

"Kaka, niokoe! Wananinyang'anya ng'ombe wangu!"

Kundi zima kwa mtu mmoja! Mihayo aliwainamia kwa heshima, kama alivyofundishwa, halafu akawashukia. Walidondoka kama magunia, hata nafasi ya kujieleza hawakuipata. Wa mwisho alimng'ang'ania mguu, mdomo umejaa damu.

"Mjinga wewe! Mimi ni mjomba wako Yakobo. Ng'ombe ni wa bibi yako!"

Mihayo aligeuka. Kijana na ng'ombe walikuwa wametokomea kwenye pamba. Akakimbia huku, akakimbia kule, akaita mpaka sauti ikamkauka. Hakukuwa na wa kupigana naye.

Aliporudi, bibi alikuwa ameshafika, anawatazama majirani wakiugulia chini. Akamshika mjukuu wake mkono, akaanza kuufuta damu kwa khanga, taratibu.

"Pole, baba. Na wewe wamekuumiza hao wezi?"