Baba Mkwe Juu ya Farasi

Enzi hizo za Mwingereza, Elirehema ndiye mke pekee kijijini kwao, Mlima Meru, aliyejua kusoma. Mumewe alipomletea kitabu cha hadithi kutoka dukani kwa Bharat, Arusha mjini, akaanza kuwasomea wanawake wenzake wakichambua kahawa.

Ukurasa wa kwanza tu, ulimi ukakwama. Shujaa aliitwa Yakobo, jina la baba mkwe wake, na mke wa Kimeru halitamki jina hilo ng'o! Atafanyaje sasa, naye keshazungukwa na masikio?

Akasoma kwa sauti: "Baba mkwe akashika mkuki, akaingia pangoni!"

Vigelegele! Siku zilizofuata baba mkwe alivuka mto wenye mamba, akamtoroka sultani, akaiba farasi. Nani alikumbuka kahawa?

Alasiri moja migomba ikatikisika, akatokea mzee Yakobo mwenyewe. Kumbe alikuwa akisikiliza siku zote. Elirehema akafunga kitabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee akavuta kigoda, akaketi. "Fungua upesi, mwanangu. Jana uliniacha juu ya farasi, askari wa sultani wakinifuata nyuma. Wamenikamata?"