Sehemu Tatu Sawa za Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota natengeneza negroni, ile pombe ya kuchanganya, jikoni kwangu, hapa Mwanza, na chupa zikaniambia kuwa kiungo kilichokosekana ni mama yangu.

Nieleze kwanza hali ilivyokuwa kabla sijalala. Mama, Bi Anatolia, anaishi na mimi tangu alipoanguka nyumbani kwake kijijini, kule Kamachumu, na kuvunjika nyonga. Jumapili iliyopita kaka yangu Mutalemwa alipiga simu kutoka Dodoma, akamuunganisha na dada yetu Kokusima aliyeko Dar es Salaam, tukaongea wote watatu. Mutalemwa akasema haki itendeke: mama akae miezi minne kwa kila mmoja wetu.

"Sehemu tatu sawa," alisema. "Hakuna wa kulalamika."

Koku akakubali. Na mimi nikasema "sawa", upesi, maana siku hiyo nilikuwa nimechoka. Tukakubaliana waje Mwanza Jumamosi, yaani leo, tupange aanzie kwa nani.

Mutalemwa anapenda negroni tangu alipoionja kwenye hoteli fulani wakati wa semina. Nikaona nimtengenezee ili kikao kianze kwa upole. Nilinunua chupa tatu, nikasoma maelezo kwenye simu: jini sehemu moja, vemuthi tamu sehemu moja, na kile kinywaji chekundu kichungu sehemu moja. Unakoroga juu ya barafu, hutikisi. Basi. Nikalala nikiwa na amani.

Ndotoni ni mchana, na mlango unagongwa.

"Nakuja!" napiga kelele.

"Usiwafungulie kabla hujapima," inasema chupa ya jini. Hii ni jini ya kunywa, si yule wa kwenye hadithi, ingawa kwa ile sauti sikuwa na hakika. Iliongea kama karani wa mahakama.

Napima jini. Napima vemuthi, ambayo ni divai iliyotiwa viungo, nayo inanisifia huku ikimiminika.

"Una mikono mizuri, binti. Mikono ya mtu asiyejuta."

Sifa hiyo inanitia hofu, sijui kwa nini. Naishika chupa nyekundu, naimimina. Naonja. Ni maji yenye rangi.

"Si wewe ndiye mchungu?" nauliza.

"Mimi ni mwekundu," inajibu. "Watu huwa wanachanganya."

"Sasa uchungu uko wapi?"

"Kwa mama yako. Ameuweka kwenye friza ili usiharibike."

Mlango unagongwa tena, safari hii kwa kiganja. Nasikia Koku akimwambia Mutalemwa, "Yumo ndani, huwa anajifanya hasikii."

Nafungua friza. Nainama, naingia. Ndani ni chumba cha mama cha Kamachumu, kile kile, na picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, na dirisha linalotazama migomba, ila kila kitu kimefunikwa na barafu. Mama ameketi kitandani, anashona blanketi lake la theluji lililochanika.

"Funga mlango," ananiambia. "Joto linaingia."

Nafunga. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kuchukua nini?"

"Uchungu, Mama. Sehemu moja tu."

Anaiweka sindano chini. "Uchungu upi? Wa Mutalemwa, wa Koku, au wako?"

"Nilidhani ni mmoja."

"Huo wa Mutalemwa ulikuwa mrefu. Nilianza kuusikia watu wakienda kanisani, akazaliwa wakati watu wale wale wanaenda kanisani tena, na haikuwa Jumapili ile. Wa Koku ulinipofusha. Baba yenu aliniletea uji nikamwuliza, wewe ni nani? Wako sikuuona kabisa. Nilitoka kisimani, nikasimama nipumzike, nikakuta nina mtoto."

"Basi wangu ndio mdogo," nasema, na nafurahi kidogo.

"Wako umeanza Jumapili iliyopita," anasema mama. "Uliposema 'sawa' kwenye simu. Ukuta wa chumba changu kule kwako ni mwembamba, Kemi."

Natazama blanketi. Maji yameanza kudondoka kutoka kwenye picha, kutoka kwenye dari, kutoka kwenye nywele zake.

"Sasa, hizi sehemu hazilingani," namwambia. "Na maelezo yanasema zilingane."

"Hilo umeliona wewe," anasema. "Nishike mkono, chumba kinayeyuka."

Namshika. Tunatoka kwenye friza kwa magoti, na jiko halipo. Tuko kwenye duka la mapazia ninakofanya kazi, mbele ya ile meza ndefu ya kukatia vitambaa, yenye futi iliyopigiliwa misumari ukingoni. Mutalemwa na Koku wamesimama kwenye foleni kama wateja. Ndio wateja pekee. Mutalemwa amevaa beji ya semina.

Chupa tatu zimeketi kwenye kiti cha bosi wangu.

"Mlaze," inasema jini.

"Nani?"

"Kiungo."

Kabla sijakataa, mama ameshavua kandambili na kujilaza mezani, chali, mikono kifuani. "Pima vizuri, Kemi," ananiambia. "Koku atasema umempunja."

"Sijasema kitu mimi," anasema Koku. "Ila nisipewe miguu, jamani. Nyonga ile ni hospitali kila mara, na foleni za Dar mnazijua."

"Mimi nichukue upande wa juu," anasema Mutalemwa. "Ndio unaoongea. Watoto wangu wanataka hadithi za bibi."

"Na katikati?" anauliza Koku.

"Katikati ni yako, Koku. Ni sehemu nzuri, haina shida. Miguu abaki nayo Kemi, ameshaizoea."

Wanaongea kwa upole kabisa, kama watu wanaogawana samaki. Nami napima. Nikianza kichwani, mama ni mfupi kama mtoto wa chekechea. Nikianza miguuni, anafika mwisho wa meza na kuning'inia. Napima tena nikianza katikati, futi inasema, "Mimi nilizoea vitambaa," kisha inafuta namba zake zote.

"Kata kwa kukisia," inasema jini. "Barafu inayeyuka."

Mkasi uko mkononi mwangu. Sikumbuki kuuchukua. Ni ule mkasi wangu wa kazini, wenye utepe wa bluu kwenye mpini ili wenzangu wasiuchukue. Mkono unaanza kutetemeka.

"Usitikise!" zinapiga kelele chupa zote tatu.

Lakini natikisika, na duka linatikisika nami. Majora ya vitambaa yanaporomoka kutoka juu. Fimbo za mapazia zinaanguka moja baada ya nyingine. Mutalemwa anamkinga mama kwa beji yake. Koku anapiga magoti na kushika miguu ile ile aliyoikataa, ameing'ang'ania kwa mikono miwili.

"Kemi, tulia!" analia. "Tulia, utamwangusha tena!"

Hilo neno "tena" linanichoma. Mimi sikuwepo alipoanguka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo.

Naweka mkasi chini. "Sikati," nasema.

Duka linatulia. Chupa zinatazamana.

"Kama hukati, koroga," inasema jini. "Koroga mpaka glasi itoe jasho. Ukiacha kabla ya hapo, tutamwaga yote, naye atakuwemo."

Sasa glasi ni kubwa kama tangi la maji, nami niko juu ya ngazi, nimeshika fimbo ya pazia, nakoroga. Mapande ya barafu yana ukubwa wa magunia. Yanagongana na kingo za glasi kwa kishindo. Nageuza, nageuza. Jasho linatoka kwangu, kwenye glasi bado. Mama ameketi ukingoni, miguu yake nje, anamenya chungwa kwa ukucha. Ganda linatoka refu, bila kukatika. Anachovya kidole, anaonja.

"Kama dawa ya minyoo," anasema. "Na hiki ndicho Mutalemwa anakipenda?"

"Ndiyo, Mama."

"Maskini."

Hapo ndipo wazo linanijia, na ni wazo dogo mpaka naona aibu kwamba halikumjia mtu yeyote siku ile ya simu.

"Mama," naita nikiwa nakoroga, "kwani wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?"

Koku anainua uso. Mutalemwa anavua beji. Hata chupa nyekundu inajisogeza mbele kwenye kiti.

Mama anafikiri, halafu anajibu. Naona midomo yake ikisogea. Lakini barafu inapiga kelele, pande kwa pande, na mimi siwezi kuacha kwa sababu jasho la kwanza ndiyo kwanza linaanza kutokea kwenye glasi. Jibu ni refu. Katikati yake Mutalemwa anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua. Mwishoni Koku anacheka huku analia.

"Sijasikia!" napiga kelele. "Mama, sijasikia, rudia!"

Anafungua mdomo arudie. Pande moja la barafu linaligonga lingine, nami nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Fulana ilikuwa imelowa jasho. Nililala pale kidogo nikijiambia ni ndoto, ni uchovu, ni kusoma maelezo ya pombe kabla ya kulala. Chumba cha pili nikamsikia mama akikohoa, kisha mlio wa kitanda.

Nikaenda pekupeku. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anatafuta kandambili kwa vidole vya mguu. Nikapiga magoti, nikamvalisha. Miguu yake ilikuwa na joto, mizima, na nilikaa nimeishika muda mrefu kuliko inavyohitajika kumvalisha mtu kandambili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Kaka na dada wanafika leo."

"Najua."

"Mama, hatujakuuliza. Wewe unataka kukaa wapi?"

Akanitazama kama anavyomtazama mtu anayemrudisha nyuma kwenye mazungumzo yaliyokwisha.

"Kamachumu," akasema. "Nyumbani kwangu. Mgawanyike ninyi, mje kwangu kwa zamu. Wenzako wamenielewa, wewe ndiye hukusikia. Ulikuwa unakoroga."