Nani Ataonja Mvinyo wa Hombolo

Nathaniel alikwenda ukweni na vitu viwili: chupa ya mvinyo mkononi na siri tumboni. Chupa ilikuwa imetulia. Siri ilikuwa ikiunguruma.

Tuanze na chupa, maana ndiyo yenye heshima. Ilitoka Hombolo, Dodoma, kwenye shamba la zabibu la baba yake, ikasafiri kwa treni mpaka Kigoma ikiwa imeviringishwa kwenye khanga mbili na sweta la shule la mdogo wake. Haikuwa na nembo wala jina. Baba mtu alikamua zabibu mwenyewe, akaziba chupa kwa mkono wake, kisha akapiga simu: "Hiyo ni ya ile mizabibu tuliyopanda mimi na wewe. Usinywe na watu wa vijiweni. Mpe mtu atakayekupa mke."

Sasa siri. Nathaniel alikuwa afisa uvuvi, na Kigoma alikuwa na miezi mitano tu. Mgogo kuwa afisa uvuvi ni kichekesho tosha. Wavuvi wa Kibirizi walishamuuliza kama kwao samaki hulala zizini. Basi wiki iliyopita, ili kuwaonyesha kwamba naye ni mtu wa maji, aliinama pembeni ya mtumbwi, akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akanywa. Mtumbwi mzima ukampigia makofi. Huko ndani amiba nao wakapiga yao. Alhamisi daktari wa zahanati akampa vidonge na onyo: "Siku zote za dozi, pombe hata kulamba usilambe. Ukichanganya utatapika mpaka usahau jina lako, na moyo utakwenda mbio kama unakimbia deni." Hakumwambia mtu. Hata Arakaza hakumwambia, maana ni binti gani unamweleza kwamba Jumapili unakwenda kwao kula, na tumbo lenyewe linaendesha?

Arakaza alikuwa fundi cherehani pale soko la Mwanga, na watu walisema mkasi wake unakata vizuri lakini ulimi unakata zaidi. Alimpokea njiani, hatua chache kabla ya kufika kwao Bangwe, akamweka sawa kola.

"Sikiliza. Baba hasemi ndiyo kwa mdomo. Akinywa kinywaji chako, washenga waje. Asipokunywa, utakula, utashiba, utaaga vizuri, na mimi utakuwa unanipungia mkono sokoni."

"Je, asipokuwa na kiu?"

"Baba yangu? Kiu ya mvinyo alizaliwa nayo. Umsalimie bibi kwanza. Sombe ya mama uisifie mara mbili. Ukisifia mara ya tatu atajua unadanganya."

Alimfundisha mengi siku hiyo. Kitu kimoja hakumwambia, kwa sababu nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuambiwa. Walikijua tu, kama mtu anavyojua mlango wa kwao unafungukia upande gani.

Nyumba ilikuwa juu kidogo ya ziwa, nyuma yake migomba, mbele yake mbao. Mzee Calixte alikuwa fundi wa mitumbwi. Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni kwa mama yake, na mama yake mwenyewe, Bibi Veneranda, alikuwa amekaa pale kwenye kigoda chake, mdogo kama mtoto wa darasa la pili, macho yanacheka kabla ya mdomo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye huyu? Mbona amekonda? Arakaza, umemuokota wapi, au ulimpunguza mwenyewe kwa mkasi?"

Wakaketi mezani. Upande huu wa meza familia: Mzee Calixte, mkewe Mama Domitila, Arakaza, na bibi pale pembeni. Upande ule benchi refu la watu watatu, na juu yake Nathaniel peke yake, kama mtu aliyepelekwa barazani kujibu kesi ya mbuzi.

Chakula kikaja, na Mama Domitila hakuwa amepika kwa ajili ya mchezo. Ugali wa muhogo umetulia kwenye sahani kama mlima. Samaki wa migebuka wameungwa kwa mawese mekundu mpaka mchuzi unang'aa. Sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakalainika, maharage, ndizi za kupika. Tumbo la Nathaniel lilitoa sauti ya chini, kama kiti kinachosogezwa kwenye sakafu. Akakohoa kuifunika. Kisha akafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye mapenzi na asiye na akili angefanya: akala. Akasifia sombe mara ya kwanza. Akaongeza samaki. Akasifia sombe mara ya pili, na hapo hakuwa anasoma maelekezo ya Arakaza. Sombe ilikuwa tamu kweli, na jasho lililomtoka lilikuwa la kweli pia.

"Huyu anakula," Mama Domitila akamwambia mumewe, kama vile mgeni hasikii.

"Namwona," alisema mzee. Halafu macho yake yakatua kwenye chupa.

Nathaniel akasimama. Kwao alifundishwa kwamba mkubwa hutangulizwa, basi akamtanguliza. Akamimina mvinyo kwenye glasi, mwekundu mzito, akaishika glasi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akamwekea mzee mbele yake.

"Baba yangu anakusalimu, mzee. Huu ametengeneza yeye."

"Nimepokea salamu," alisema Mzee Calixte, na mikono akaiacha magotini.

Nathaniel akasubiri mzee anywe. Mzee akasubiri. Mama Domitila akasubiri na kijiko hewani. Wote wakawa wanasubiriana, kama wageni wawili mlangoni, huyu anasema tangulia, yule anasema tangulia wewe. Arakaza ndiye aliyezinduka wa kwanza. Uso ukambadilika.

"Hukumwambia," mzee akamwambia bintiye.

"Nilisahau, baba. Nilidhani kila mtu anajua."

"Kijana," alisema Mzee Calixte, taratibu, "kwetu tunaita gusogongera. Anayeleta kinywaji ndiye anayetangulia kukionja. Mbele ya macho ya watu. Wewe umenimiminia mimi, ukarudi kukaa. Siyo kosa, wewe ni mgeni. Onja sasa, tuendelee."

Hapa ndipo Nathaniel alipoielewa hali yake. Funda moja, na washenga wanakuja. Funda hilohilo, na huenda akautapika ugali wote hapohapo mezani na moyo kukimbilia Ujiji bila yeye. Akatafuta mlango wa kutokea. Alioupata ulikuwa mbovu.

"Samahani, mzee. Mimi nimeokoka. Situmii."

"Umeokoka lini, mwanangu?" Mama Domitila akauliza, kwa upole wa kutisha. "Mwezi uliopita kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani yetu Anatoli ulikunywa mpaka ukawafundisha watu ngoma za Kigogo. Nilikushikia viatu mimi."

Bibi Veneranda akacheka ndani ya khanga. Mzee hakucheka. Aliisukuma glasi katikati ya meza kwa kidole kimoja.

"Unaniletea chupa isiyo na jina. Unasema ni ya baba yako. Wewe mwenyewe unaikimbia, halafu unanidanganya mezani kwangu. Sasa niambie, ungekuwa wewe ndiye mwenye binti, ungekunywa?"

Nathaniel akamwangalia Arakaza, na Arakaza hakuwa na utani wowote usoni. Alikuwa anaangalia sahani yake kama mtu anayesoma barua mbaya. Basi Nathaniel akainyanyua glasi. Liwalo na liwe. Akaisogeza mdomoni, harufu ya Hombolo ikamfikia, jua na vumbi na baba yake akiimba kwa pua. Na ni harufu ile iliyomzuia. Mvinyo wa baba yake haukustahili kunywewa kama sumu.

Akaiweka chini.

"Mzee, nina amiba."

"Una nini?"

"Amiba. Tumbo. Nilikunywa maji ya ziwa ili wavuvi wasinicheke. Niko kwenye dawa, na daktari kanikataza pombe. Sikuokoka. Yaani, nasali, lakini hivyo sivyo. Niliona aibu kusema, hapa kwenye chakula, mbele ya mama."

Mama Domitila akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akautoa.

"Na tumbo hilo umekula mawese yote yale?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaongeza."

"Niliongeza, mama."

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna. Yalikuwa matamu."

Mama Domitila alimtazama sana. Halafu akainuka, akaiondoa ile sahani mbele ya Nathaniel, akaenda jikoni kupasha uji. Arakaza mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Umekunywa maji ya ziwa," alisema. "Wewe. Afisa. Mwenye kofia ya serikali."

"Cheka tu."

"Nitacheka mpaka uzeeni, Natha. Hili hulitoki."

"Uzeeni" ile Nathaniel aliisikia vizuri sana, akaiweka mfukoni. Hata mzee aliisikia, maana alikohoa.

"Choo kiko nyuma ya jiko," alisema Mzee Calixte. "Ugonjwa si aibu. Aibu ni ule wokovu wako wa ghafla. Umesema kweli, hiyo nimeikubali. Lakini chupa haijaonjwa."

Arakaza akanyoosha mkono. "Nitaonja mimi."

"Kaa. Wewe uko upande gani wa meza?"

"Wa kwako, baba."

"Basi. Huwezi kutuonjea sisi kwa sisi. Kuonja siyo kutafuta utamu. Ni mtu wa upande wa mgeni kusema, kama kuna ubaya humu, uanze na sisi. Kijana, hapa Kigoma huna ndugu? Hata Mgogo mwingine tu?"

"Yuko mmoja, mzee, lakini ni Msabato."

Mzee akashusha pumzi. Ilionekana wazi kwamba naye alikuwa anaumia. Macho yake hayakuwa yamebanduka kwenye ile glasi tangu imiminwe. "Basi tutafunga chupa. Utakuja ukipona."

Neno hilo lilikuwa la haki, na lilikuwa baridi. Nathaniel akaona kabisa jinsi Jumapili ile itakavyosimuliwa: alikuja na chupa, akaondoka nayo. Mtu hapeleki washenga baada ya hapo. Anapeleka udhuru.

Ndipo kigoda kikakwaruza sakafu.

Bibi Veneranda alikuwa amesimama. Alikishika kigoda chake mguu mmoja, akaanza kukiburuta kuizunguka meza. Nathaniel akataka kumsaidia, akafukuzwa kwa mkono. Akaburuta, akapumzika, akaburuta, mpaka akafika upande wa lile benchi refu. Akakiacha kigoda hapo, akapanda kwenye benchi, miguu ikaning'inia.

"Nimehama," alisema.

"Mama," alisema Mzee Calixte.

"Mama yako yuko upande ule. Mtafute. Huku kuna bibi wa huyu kijana."

"Mama, hivi vitu havifanyiwi mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, unalia, hukuona kitu. Tulipofika hapa hatukuwa na mtu. Nikapika pombe ya ndizi, mtungi mzima, niwape majirani, wajue sisi si wezi. Hakuna aliyegusa. Nimeonja mimi mwenyewe mbele yao, mara tatu, na bado wakaangalia miguu yao. Anaonja nani? Mkimbizi. Hana ndugu, hana jina, akifa nani atauliza? Ndipo Yunisi, Muha wa nyumba ile ya pili, akatoka kwao, akaja kukaa kwenye mkeka wangu. Akasema, mimi ni dada yake. Akachukua mrija akanywa. Wakanywa wote." Akamgeukia Nathaniel. "Walimaliza mtungi. Hawakunibakishia hata mimi."

Mama Domitila alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji.

"Kijana, baba yako anaitwa nani?"

"Edson, bibi."

"Edson ni mwanangu, basi. Nimemzaa Hombolo, sikumbuki mwaka. Lete."

Nathaniel akamkabidhi glasi kwa mikono miwili. Bibi akainusa, akafumba macho, akapiga funda. Wote wakamtazama kooni. Akaiinua glasi kwenye mwanga, akaizungusha polepole kuliko ilivyohitajika.

"Mama?" mzee akauliza.

"Sijahakikisha." Akapiga la pili, kubwa zaidi. "Sasa nimehakikisha. Huyu Edson wangu anajua kazi." Akaivusha glasi juu ya meza. "Kunywa, mzee mwenye binti. Kikiwa kibaya, kimeanza na sisi."

Mzee Calixte akaipokea. Alimwangalia mama yake, akamwangalia na yule Mgogo aliyekaa karibu naye, bega la bibi likimfikia kwenye kiwiko. Halafu akanywa. Siyo funda la adabu. Alikunywa kama mtu aliyekuwa njiani tangu asubuhi, akaiweka glasi chini, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

"Ni mzuri," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akamsogezea Arakaza glasi, na Arakaza akanywa huku anamwangalia Nathaniel juu ya ukingo wake, machozi ya kicheko hayajakauka.

Mama Domitila akaweka uji mbele ya Nathaniel. "Huo hauna mawese," alisema. "Na wewe, mama, rudi huku ule samaki wako, anapoa."

"Mgeni hafuati sahani. Nileteeni huku."

Wakampelekea. Chupa ikazunguka, kwa Mama Domitila, kwa mzee tena, na bibi kila ilipompitia alidai upande wa mgeni uhakikishe upya. Nathaniel alikunywa uji wa moto polepole, akiwatazama wanavyokunywa jua la kwao, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi tumbo lake likanyamaza, labda kwa adabu.

Mzee Calixte akajifanya anaiangalia chupa isiyo na nembo, akiizungusha mkononi.

"Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka," alisema, bila kumtazama mtu, "nitakuwa nyumbani. Sitakuwa na kazi. Mtu akitaka kuja na wazee wake, aje."

Nathaniel akafungua mdomo kujibu.

"Tutakuja," alisema Bibi Veneranda.