Shemeji wa Chumba cha Tatu

Mtaani walimwita Bi Funguo, kwa kuwa funguo za vyumba vyake vitano alizifunga kwenye pindo la nguo, zikamtangulia kwa kelele kila alikokwenda. Vyumba vyenyewe alivijenga marehemu mumewe, dereva wa malori, kwa mstari mmoja nyuma ya nyumba yao. Mume alifariki kile cha mwisho kikiwa hakijapigwa lipu. Bi Funguo akamalizia, akapangisha, akajifunza kazi ya mwenye nyumba kama aliyesukumwa majini anavyojifunza kuogelea. Alikuja kujua kwamba anayekagua chumba na kusifia kila kitu harudi. Anayeuliza maji hutoka siku gani, huyo ndiye mpangaji.

Wapangaji wote aliandikiana nao mkataba, isipokuwa mmoja. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipokuja na godoro lake kuomba chumba cha tatu, alipewa ufunguo palepale. Mtu aliyebeba jeneza la kaka yake, utamwambia atie sahihi wapi?

Shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwanzoni mashine yake ilikaa kwa rafiki. Rafiki akahama, mashine ikaja uani, na mvua ilipoanza ikaingia chumbani, ikalala chini ya kitanda kama mke wa pili. Mchana aliivuta hadi kizingitini, akachomelea miguu ya viti na madirisha ya watu, na taa za vyumba vyote zikawa zinafifia na kuzinduka kama mtu anayesinzia kikaoni.

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu wa chumba cha nne, mama wa mtoto mchanga. Alisema swichi yake inanuka kuungua. Bi Funguo alimjibu kwa upole kwamba ataiangalia, na hakuiangalia. Wapangaji hawaishiwi maneno, alijiambia. Leo swichi, kesho jogoo wa jirani. Isitoshe, kuangalia swichi kungemfikisha kwenye mashine, na mashine ingemfikisha kwa shemeji. Akafunika kombe.

Mchana mmoja mwalimu akiwa anafua uani, soketi yake iliyeyuka. Pazia lilishika moto, moshi ukaanza kutoka dirishani, na mtoto alikuwa ndani amelala. Mwalimu aliingia na kutoka naye kabla mtu hajauliza kuna nini. Shemeji ndiye aliyekimbilia kwenye mita akakata umeme, kisha akauzima moto kwa mchanga wa ujenzi na blanketi lake mwenyewe, mkono ukamuungua hadi kwenye kiwiko. Mtoto hakupata hata kikohozi.

Fundi umeme aliyeitwa alibomoa kipande cha ukuta, akaonyesha nyaya zilizogeuka mkaa. Alieleza kwamba hizo ni nyaya za taa na redio. Mashine ile inataka laini yake peke yake, tena mbali na vyumba vya kulala. Bi Funguo alimuuliza kama haiwezekani kuvumilia mpaka shemeji apate mahali pengine. Fundi alifunga mkoba wake, akasema wavumilie, ila wasimtaje yeye.

Bi Funguo alipomwambia shemeji aitoe mashine, shemeji alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, na siku ya pili mama mkwe akafika uani akiwa na fimbo yake ya kutembelea. Shemeji alieleza yote: nani aliyezima moto, nani aliyeungua, na sasa nani anafukuzwa.

"Na nyumba hii ni ya kaka yangu," alimalizia.

"Ni yake," Bi Funguo alisema. "Lakini mtoto yule angekufa, wangekuja kuniuliza mimi."

Mama mkwe aliomba kuonyeshwa chumba cha nne. Aliingia akipapasa ukuta, akanusa, akatazama weusi uliopanda kutoka kwenye soketi hadi juu ya kitanda cha mtoto. Alipotoka alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akavuta pumzi.

"Mashine itoke," alimwambia mwanawe. "Wewe baki."

Shemeji alisema kazi yake isipokaa, naye hakai. Aliondoka jioni ile na godoro na mashine juu ya mkokoteni, mkono umefungwa bandeji. Hakumuaga mtu. Ufunguo aliuacha ukining'inia mlangoni.

Bi Funguo alibadilisha nyaya za vyumba vyote. Chumba cha nne alikipaka rangi, akashona pazia jipya kwa mkono wake. Siku alipolipeleka, alimkuta mwalimu anafunga vyombo kwenye maboksi.

"Nilikwambia inanuka," mwalimu alisema, bila hasira. "Siku ile ungekuja, ningebaki. Sasa kila nikienda kufua lazima mtoto awe mgongoni. Siwezi kuishi hivyo."

Bi Funguo alimrudishia amana yake yote, akashika upande mmoja wa kitanda, wakakitoa pamoja.

Mwaka ulipogeuka, geti la uani lilikatika bawaba. Wachomeleaji walikuwa wengi njia nzima. Bi Funguo aliwapita wote mpaka kwenye kibanda kilichokuwa baada ya daraja, alikosikia shemeji amefungua karakana. Alimkuta amevaa miwani myeusi, kovu linang'aa mkononi. Walisalimiana. Shemeji aliuliza hali ya mama, kana kwamba hakulala kwa mama juzi tu. Kisha akauliza upana wa geti, akapiga hesabu kichwani, akataja bei.

Ilikuwa bei ya mteja yeyote. Bi Funguo hakuomba apunguziwe.

"Nitakuja Jumamosi kulifunga," shemeji alisema. "Umeme nitavuta kwa jirani."