Sampuli Moja, Majibu Mawili

Mwenyekiti wa maandalizi ya kongamano alikuwa mwanamke mtaratibu, mwandishi wa programu ya kompyuta inayosoma vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu na kutabiri dawa itakayoviua. Kupanga ratiba hakukumpa shida, isipokuwa kwa mtu mmoja: mdogo wa mumewe. Programu hiyo waliianza pamoja. Wakakosana juu ya namna ya kuchuja data, shemeji akajitoa, akatengeneza yake, na tangu hapo salamu zao zikawa za mdomoni tu.

Alimpangia kipindi cha mwisho kabisa, saa ambayo watu wameshabeba mabegi. Shemeji alipoiona ratiba, akapiga simu.

"Shemeji, ndiyo umeamua nihutubie viti?"

"Viti havibishani. Mtapatana."

Asubuhi ya ufunguzi, mtoa mada mkuu akakwama uwanja wa ndege. Ukumbi umejaa, projekta inawaka, jukwaani hakuna mtu. Mwenyekiti akamfuata shemeji yake koridoni.

"Unaweza kuanza sasa hivi?"

"Na chai yangu?"

"Nitakushikia."

Akapanda, akaeleza kazi yake vizuri bila kumsema mtu. Alipomaliza, daktari mmoja wa watoto akasimama. Hospitalini kwao walitumia programu zote mbili, na sasa zilikuwa zimepingana juu ya msichana mmoja. Ya mwenyekiti ilisema dawa ya kawaida itamfaa. Ya shemeji ilisema vimelea vyake ni sugu kwa dawa hiyo.

"Mtoto yuko wodini anaimeza," alisema daktari kwa utulivu. "Mimi nimwamini nani?"

Mwenyekiti alikuwa na maneno tele ya kujitetea, lakini akawaomba watu wakanywe chai, akawaita daktari na shemeji yake chumba cha pembeni.

Daktari alikuwa na data ya sampuli ya msichana yule, bila jina lake. Wakaifungua. Kwanza kila mmoja alikilaumu kichujio cha mwenzake, mpaka mwenyekiti akavizima vyote viwili. Ndipo wakaona. Vimelea vingi vilikuwa vya kufa kwa dawa ile, ila kati yake kulikuwa na kundi dogo lililo sugu. Mtoto alibeba aina mbili kwa pamoja.

"Mimi nililifuta hili kundi," alisema mwenyekiti polepole. "Nilidhani ni makosa ya mashine."

"Mimi nililiona," alisema shemeji, "lakini sikusema kwamba ni mchanganyiko. Ndiyo maana jibu langu halikuaminika."

"Kwa hiyo dawa inaua vimelea vingi, vichache vinabaki vinazaliana," alisema daktari. Hakungoja jibu. Alishatoka nje kupiga simu wodini, dawa ibadilishwe na sampuli irudiwe.

Waliobaki wakakubaliana kwamba programu zote mbili zitatoa onyo pale zinapokuta mchanganyiko. Kuhusu kuziunganisha, walibishana mpaka mlango ukagongwa: mtoa mada mkuu amefika.

"Leo kwenu anapika nani?" shemeji aliuliza wakikusanya nyaya.

"Kaka yako."

"Basi nitapita mgahawani kwanza."

"Tupite wote," akasema mwenyekiti, akafunga kompyuta.