Kitanda cha Dirishani

Walimwita Breki kwa sababu machela aliyoisukuma haikuwa na breki hata moja. Kwenye mteremko wa korido aliisimamisha kwa tumbo, na siku tumbo likiwa tupu, aliisimamisha kwa dua.

Mchana ule hapakuwa na pa kuisukumia. Chumba cha dharura kilijaa pomoni. Watu walilala kwenye mabenchi, chini ya mabenchi, juu ya makatoni, na bwana mmoja aliyevunjika mkono alikalia ndoo iliyofudikizwa, akiilinda kama kiti cha ubunge. Mabomba ya oksijeni ukutani yalikuwa matatu tu, na yote yalishikwa na wagonjwa waliopokewa tangu jana, wakingoja vitanda wodini. Huko wodini hakuna aliyetoka. Kwa hiyo wa chini hawapandi, wa nje hawaingii. Hospitali nzima chupa iliyozibwa shingo.

Kwenye machela ya Breki alilala mama mmoja mwenye pumu, kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Binti yake, mwanamke mzima, alikuwa ameukumbatia mtungi wa oksijeni, macho hayabanduki kwenye mshale wa kipimo chake.

"Kaka, huu ukifika chini kabisa inakuwaje?"

"Mishale waongo, dada. Wa pikipiki yangu husema tupu na nyumbani nafika."

"Mama yangu si pikipiki."

Breki akainama, naye akautazama mshale. 

Daktari alikuja amekunja mikono ya koti. "Breki, mtungi mwingine stoo hamna. Panda wodini. Nikipata kitanda kimoja, huyu wa bomba la kwanza anapanda, mama anashika nafasi yake."

"Nimeuliza asubuhi, daktari. Wamejaa."

"Kaulize tena."

Breki alisema wamejaa bila kupepesa jicho. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako: kitanda kimoja kilikuwepo, cha dirishani, na aliyekilalia alikuwa baba yake mzazi.

Mzee alikuwa amepooza upande mmoja. Jana asubuhi aliruhusiwa, na Breki akamfuata sista wa wodi akambembeleza, "Nisahaulie mzee wangu hapa siku mbili tatu, sista." Sista akatazama pembeni, maana kila siku ni Breki huyo huyo anayemwinulia wagonjwa wake. Nyumbani kilikuwa chumba kimoja ghorofani, ngazi nyembamba, na mke anatoka alfajiri kwenda kiwandani. Mara ya mwisho mzee alipoachwa peke yake alianguka, akalala sakafuni hadi jioni, shavu kwenye saruji. Mtu aliyebeba watu kutwa nzima hakuwa na wa kumshikia baba yake.

Breki alipofika kitandani, mzee alimtazama usoni.

"Umekuja kunitoa."

"Nani kakwambia, baba?"

"Umeingia hujanitania."

Breki alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kuna mama huko chini. Pumzi inamwishia."

"Sasa wewe umekaa hapa unafanya nini? Nivalishe shati."

"Sina pa kukuweka mpaka nitoke kazini."

"Na ukitoka?"

Breki alianza na mkono uliopooza, kama walivyomfundisha, kisha ule mzima. Vifungo vilimshinda. Sista alisogea akavifunga yeye, akaanza kutandua shuka.

Machela ilikuwa na mtu, kwa hiyo alimbeba mgongoni. Kwenye ngazi mzee alimpumulia sikioni.

"Ukiniangusha vizuri, watanipokea upya."

"Usinitamanishe, baba."

Chini hapakuwa na pa kumketisha. Bwana wa ndoo alimtazama mzee, akaitazama ndoo yake, kisha akageukia ukuta. Breki alimweka sakafuni, juu ya katoni, mgongo ukutani, mfuko wa nguo mapajani. Halafu akakimbia. Wa bomba la kwanza alipandishwa kitanda cha dirishani. Mama akahamishiwa nafasi yake ukutani, machela ikabaki tupu, na mpira wa oksijeni ulipochomekwa bombani, mshale wa mtungi ulikuwa umeshalala. Kifua kiliendelea kuhangaika. Rangi ikaanza kurudi midomoni, au Breki ndiye aliyetaka irudi. Binti aliuweka mtungi mtupu chini polepole, kama mtoto aliyesinzia.

Breki alipogeuka, muuguzi wa mapokezi alikuwa amechuchumaa mbele ya baba yake ameshika kitepe cha jina wanachofungwa mkononi wagonjwa wanaopokewa. Waliokaa pale wote ni wagonjwa, angejuaje?

"Mzee, mkono huu umeacha kufanya kazi lini?"

Breki alisimama. Neno moja tu kutoka kwa mzee, kitepe kifungwe, na kesho au keshokutwa mzee angerudishwa juu, dirishani, kihalali kabisa. Breki mwenyewe wala asingehitaji kudanganya. Angenyamaza tu. Na alinyamaza.

Mzee alikitazama kitepe. Akamtazama binti, aliyekuwa amepiga magoti kando ya mama yake, akihesabu pumzi zake.

"Mimi siumwi, mwanangu," alimwambia muuguzi. "Namngoja kijana wangu atoke kazini."

"Anatoka saa ngapi?"

Mzee alimtazama Breki, akimwachia jibu.  Nje, gari la wagonjwa lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Breki," daktari aliita. "Machela."